Kitambaa kimegoma, uzi umekatika, moshi umejaa: matatizo ya sanaa ya kuchoma na kushona vitambaa vya sintetiki, na jinsi ya kuyatatua

Wadau wa vitambaa, maswali yanayokuja ni yale yale. Oganza haijikunji, uzi wote umekatika baada ya kupitisha moto, cherehani inaruka mishono, kichwa kinauma. Nimeyapanga kwa dalili, yaani unaanza na kile unachokiona mezani kwako, alafu sababu zinafuata kuanzia inayotokea sana mpaka ya nadra, na vya kuangalia bila gharama vinatangulia kabla hujafungua mashine au kwenda kununua kitu kipya.

Kwa mgeni kabisa: kazi yenyewe ni kupanga tabaka za vitambaa vya sintetiki, oganza, shifoni, satini ya polyester, felti ya polyester, hata ile mifuko laini isiyofumwa iliyojaa sokoni Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019, unashona juu yake michoro kwa cherehani, kisha unapitisha joto kwa pasi, kwa hitigani (ile ya kupuliza hewa moto kama ya mafundi simu) au kwa ncha ya soldaringi ya fundi redio. Kitambaa kinasinyaa, kinavimba, kinatoboka, na pale uzi ulipopita panabaki pamesimama. Ukiipata vizuri inatoka kitu ambacho rangi na brashi haziwezi kukupa, ndo maana inaniuma nikiona mtu anaacha kwa sababu ya shida ambayo ilikuwa na jibu dogo tu.

Kabla ya dalili yoyote: kitambaa chako ni cha nini?

Usiruke hapa. Matatizo mengi sana yaliyoko chini yanatokana na mtu kutojua nyuzi za kitambaa chake, na muuzaji dukani naye mara nyingi hajui, atakwambia "silki hii" wakati ni polyester tupu. Pima mwenyewe. Kata kipande cha upana wa vidole viwili, kishike kwa kibanio cha chuma, toka nje, weka beseni la maji chini, washa kiberiti upande wa ncha.

Pamba, na rayoni pia, inawaka taratibu, inanuka karatasi iliyoungua na inaacha jivu laini linalopukutika. Hiyo haiyeyuki hata ufanyeje. Polyester inaukimbia moto, inasinyaa, inadondosha, inatoa moshi mweusi na inaacha donge gumu. Nailoni inafanana nayo ila moshi ni mdogo na donge linakuwa la kijivu au kahawia. Polipropilini, ndo ile ya mifuko isiyofumwa na ya viroba, inanuka kama mshumaa uliozimwa. Akriliki inawaka kwa kasi na kuacha donge jeusi lisilo na umbo. Na reksini, ile ngozi ya plastiki ya makochi, inatoa harufu kali inayochoma pua. Hizi mbili za mwisho ziweke pembeni moja kwa moja, sababu yake utaikuta kwenye sehemu ya moshi.

Sasa namba, sababu zitakusaidia huko mbele kote. Polithini (pamoja na Tyvek, ile inayofanana na karatasi isiyochanika) inayeyuka karibu na nyuzi joto 130. Polipropilini 160 hadi 165. Nailoni ya kawaida kama 220, kuna aina nyingine inafika 260. Polyester 250 hadi 260. Pasi ya nyumbani ukiiweka kwenye alama ya pamba inafika kama 200. Angalia hapo utaona kwa nini pasi inamaliza mfuko wa polipropilini sekunde chache tu alafu oganza ya polyester inaiangalia bila kutikisika.

Dalili: napitisha joto, kitambaa hakifanyi kitu

Sababu ya kwanza, na ndo inayotokea sana, ni kwamba kitambaa si sintetiki au kimechanganywa. Vitambaa vingi vya mashati na mashuka ni pamba na polyester pamoja, ukichoma polyester inalainika lakini pamba inaendelea kushikilia kila kitu palepale, alafu ukizidisha inabadilika rangi kuwa kahawia. Rudi kwenye kiberiti. Ukiona jivu na donge kwa pamoja, ni mchanganyiko, kitumie chini kama msingi, usikitegemee kusinyaa.

Sababu ya pili, joto ni dogo. Draya ya nywele haitoshi kabisa, haikutengenezwa kufika huko, usihangaike nayo. Pasi kwa polyester vilevile haitoshi kuyeyusha, unahitaji hitigani, ambayo kawaida ina hatua mbili, ya chini inazunguka 300 na ya juu inaweza kuvuka 500. Anza na ya chini siku zote.

Ya tatu, umekibana. Kitambaa kilichokazwa kwenye fremu au kilichobandikwa pini pande zote hakina pa kwenda, kwa hiyo hakisinyai, kinakaa kimya alafu ghafla kinachanika katikati. Kama unataka mikunjo kitoe kwenye fremu, kishikilie kona moja tu kwa kijiti kirefu cha mbao. Kama unataka matundu, hapo sawa, kiache kwenye fremu (ya chuma au mbao, isiwe ya plastiki).

Ya nne ni rangi. Watu wengi wanapaka rangi ya akriliki ya maji juu ya kitambaa kabla ya kuchoma, na rangi nzito inakinga joto, penye rangi nyingi patabaki hivyohivyo na penye rangi nyepesi patafunguka. Wengine wanaitumia makusudi kama mbinu na inapendeza sana, hasa kwenye Lutradur, kile kitambaa cha polyester kisichofumwa wanachopenda sana wasanii wa Uingereza. Ila kama hukukusudia, changanya rangi na maji mpaka iwe nyepesi, na iache ikauke kabisa kwanza.

Dalili: kinatoboka chote kabla hakijavimba

Hapa karibu kila mara ni umbali na mwendo. Watu wanasogeza hitigani sentimita mbili tatu kutoka kwenye kitambaa na wanatulia sehemu moja wakisubiri. Anza sentimita 20, sogea polepole huku mkono ukizunguka usisimame, na ukiona tu kitambaa kinaanza kutembea ondoa joto, usisubiri kimalize. Kitaendelea kidogo chenyewe baada ya kuondoa. Hiyo sekunde moja ndo inayotofautisha mkunjo na shimo.

Kama umbali ni sawa na bado kinatoboka, angalia unene. Oganza moja peke yake ni nyepesi mno, haina cha kuishika. Weka mbili au tatu juu ya felti ya polyester, shona kwanza, ndo uchome. Mishono ndo inashikilia, kwa hiyo penye mishono iliyokaribiana kitambaa kitabaki na penye nafasi kitafunguka, yaani unachora kwa kuamua wapi uzi uwe mwingi. Nafasi ya sentimita moja hadi mbili kati ya mstari na mstari inakupa matundu ya kueleweka, ukiacha nafasi kama kiganja basi tegemea shimo la kiganja.

Kama ni polipropilini au Tyvek, weka hitigani pembeni, tumia pasi. Pasi iwe ya joto la kati, karatasi ya kuokea keki chini na nyingine juu, gusa bila kukandamiza, inua, chungulia, rudia. Tyvek unaweza kuipata bila kununua, vile vikuku vya karatasi isiyochanika wanavyofunga watu mkononi kwenye matamasha na baadhi ya hoteli vingi ni hiyo, na baadhi ya bahasha za kusafirishia mizigo. Vipovu vyake vinainuka kuelekea upande wa pili wa joto, kwa hiyo ukitaka vilima upande wa mbele piga pasi kwa nyuma, ukitaka mabonde piga kwa mbele. Watu wanalalamika "vipovu vyangu vimeingia ndani", hakuna kilichoharibika hapo, umegeuza upande tu.

Dalili: uzi umekatika wote nilipochoma, kazi imeachana

Huzuni ya hii naijua kwa wengi, mtu ameshona masaa, anapitisha moto dakika moja kila kitu kinafumuka.

Sababu kuu ni uzi wa polyester. Nyuzi nyingi madukani kwetu ni polyester, hata zile zenye kibandiko kinachosema pamba wakati mwingine si pamba. Uzi ukiwa wa polyester na kitambaa cha polyester vinayeyuka kwenye joto lilelile, sasa nani amshike mwenzake? Choma ncha ya uzi kabla ya kushona. Ukipata donge, uweke kwa kazi nyingine. Unataka uzi wa pamba, au ule wa kudarizi wa rayoni unaong'aa, huo nao umetokana na mti kwa hiyo hauyeyuki, na unapendeza sana ukibaki peke yake juu ya shimo.

Ya pili, na hii ndo inawapata waliokwisha jua ya kwanza: umebadilisha uzi wa juu ukasahau bobini. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazoshikana katikati, wa chini ukiyeyuka wa juu unabaki umelala tu hauna kitu cha kushika. Bobini nayo pamba.

Ya tatu, uzi wa dhahabu na fedha. Mwingi ndani yake ni utepe wa plastiki uliopakwa madini, ukipata joto unajikunja na kupoteza mng'ao. Ushone baada ya kuchoma, sio kabla.

Ya nne, hata pamba ina mwisho wake, joto likizidi inaungua. Ukiona uzi wa pamba umekuwa kahawia na unakatika ukiuvuta, ulikaa na moto sehemu moja muda mrefu mno.

Kazi iliyokwisha fumuka inaokoka mara nyingi. Usiivute. Weka oganza moja nyembamba juu yake yote, shona upya kwa pamba kupitia tabaka zote, kwa mkono kama sehemu zimeshakuwa ngumu, alafu choma hiyo ya juu kidogo tu.

Dalili: cherehani inaruka mishono, inakata uzi au inameza kitambaa

Kabla hujamlaumu fundi wala mashine, badilisha sindano. Sintetiki inaimaliza sindano mapema kuliko pamba, na ncha ikishachoka haipenyi, inasukuma kitambaa chini, kitanzi cha uzi hakitokei vizuri na mshono unarukwa. Kwa oganza na shifoni peke yake namba 70 au 75 inatosha (kwenye pakiti imeandikwa 70/10, 75/11), kwa tabaka zenye felti 90/14. Hakikisha pia imeingia mpaka juu na upande wa bapa umekaa unapotakiwa kwa mashine yako, ni kitu kidogo ila kinasumbua watu sana.

Sindano ni mpya na bado? Iangalie kwa mwanga kama ina gundi. Ukishatumia kile kitambaa cha gundi cha kola kubandika tabaka, gundi inaganda kwenye sindano na kukamata uzi. Zima mashine, ifute kwa pamba yenye spiriti. Mwendo nao unachangia, ukikanyaga kwa kasi sindano inapata joto lenyewe, na kwenye sintetiki joto hilo linatosha kulainisha kitambaa na uzi kuzunguka tundu. Punguza mwendo. Wenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu hapa mna faida, mwendo mnao mikononi na miguuni mwenu.

Kitambaa kuingia ndani ya tundu la bati chini ya sindano: weka karatasi nyeupe chini yake, shona pamoja nayo, ukimaliza ichane itoke. Usitumie gazeti, wino utahamia kwenye oganza. Na hakikisha umeichana yote kabla ya moto, karatasi inawaka.

Uzi unafungamana chini kama kiota: karibu kila mara tatizo liko juu, si chini. Toa uzi wote, inua mguu wa cherehani, pitisha upya, sababu mguu ukiwa chini diski za kukazia uzi zinakuwa zimejifunga na uzi hauingii. Kisha safisha vumbi kwenye nyumba ya bobini na katikati ya meno ya kusukumia, felti inatoa manyoya mengi kuliko unavyodhani.

Kuhusu kushona kwa mkono huru, ile ya kushusha meno na kusogeza kitambaa mwenyewe, mishono ikiruka sababu kubwa ni mkono kwenda haraka kuliko sindano, au kitambaa kurukaruka na sindano. Weka mguu wa kudarizi, tumia fremu, na usisahau kushusha mguu hata kama unaonekana haugusi kitu, bila hivyo uzi haukazwi.

Urefu wa mshono uwe milimita 2.5 hadi 3. Mshono mfupi sana kwenye kitambaa chembamba unatoboa mstari wa vitundu na kinachanika hapohapo, na moto ukifika ndo kabisa.

Hapa nasisitiza: usishone kwa cherehani juu ya sehemu iliyoyeyuka ikawa ngumu bila miwani ya kujikinga. Sindano ikigonga donge la plastiki inakatika na kipande kinaruka juu kuja usoni. Papasa kwa kidole kwanza, penye ugumu shona kwa mkono au pita pembeni.

Acha na umwite fundi kama: umebadilisha sindano, uzi, umesafisha, na bado inaruka hata kwenye kipande cha pamba cha kawaida, hapo yawezekana ndoano ya chini na sindano hazikutani tena kwa wakati wake na hiyo inataka mtu mwenye uzoefu, au sindano inagonga chuma, au mota inanuka kuungua, inatoa cheche, au unapigwa shoti ukigusa mashine. Hizo za mota na shoti chomoa kwenye umeme palepale, usijaribu "mara moja tu nimalizie".

Dalili: kazi imekuwa ndogo, imejikunja kona, haikai bapa

Kusinyaa ndo kazi yake, shida ni kwamba hukuihesabu. Chukua kipande cha sentimita 10 kwa 10 cha tabaka zilezile, mishono ileile, kichome kama utakavyochoma kazi, kipime. Kimebaki 7? Basi kazi ya sentimita 40 anzia kwenye 57 hivi. Issey Miyake, mbunifu wa mavazi wa Japani, na nguo zake za Pleats Please za mwaka 1993 alifanya hesabu hiyohiyo, nguo ya polyester inakatwa na kushonwa kubwa mara mbili na nusu hadi tatu ya saizi, ndo inaingia kwenye joto ikiwa katikati ya karatasi na kutoka na marinda yasiyofumuka hata ukifua. Kushona kwanza, joto baadaye. Ukijua hilo, mambo mengi yananyooka.

Kona zikijikunja sababu nyingine ni msingi. Juu polyester inayosinyaa, chini pamba isiyosinyaa, lazima ivutane. Kama unataka bapa, shona kingo zote kwa mishono ya karibu kabla ya moto, choma katikati kwanza uende nje, na kabla haijapoa ifunike karatasi ya kuokea, weka ubao na vitu vizito juu mpaka ipoe kabisa. Sintetiki inashika umbo inapopoa, kwa hiyo ukiiacha ipoe imepinda itabaki imepinda.

Dalili: ncha za mkato ni nyeusi, zinachoma mkono, au tabaka hazishikani kwa soldaringi

Nyeusi maana yake umeunguza, hukuyeyusha. Ncha chafu ndo chanzo kikubwa, plastiki ya jana imeganda pale inaungua tena leo. Ifute ikiwa moto kwa waya laini wa shaba, mara kwa mara, sio mwisho wa siku tu. Alafu mwendo: pita kama unachora kwa kalamu, ukikwama inaungua. Soldaringi ya wati 25 hadi 30 yenye ncha nyembamba inatosha, zile kubwa za kulehemea mabati zinaharibu.

Kama badala yake haikati, ipe dakika tano ipate moto, na cheki umeme, mahali ambapo volti inashuka jioni soldaringi inakuwa vuguvugu na unaanza kukandamiza kwa nguvu mpaka kitambaa kinavutika. Fanya asubuhi. Tabaka kutoshikana mara nyingi ni kwamba moja kati yake si sintetiki, kiberiti kitakwambia.

Kitambaa kugandia mezani: tumia kigae cha sakafuni chini, ni laini na kinavumilia. Kioo cha picha kinafaa kwa soldaringi lakini usipitishe hitigani juu ya kioo, joto la sehemu moja linaweza kukipasua. Rula iwe ya chuma, nayo inapata moto, ishike kwa mbali.

Dalili: harufu, macho yanawasha, kichwa kinauma, kifua kinabana

Hii haina kutafuta sababu kwanza. Zima, toka nje, pumua. Utatafuta sababu ukiwa na hewa.

Sababu ya kawaida ni kufanyia kazi chumbani na dirisha moja limefunguliwa. Dirisha moja halitoshi, hewa haipiti. Kaa barazani au uani, upepo utoke nyuma yako na kupeleka moshi mbele. Sababu ya pili ni joto kubwa kuliko linalohitajika. Polyester ikilainika inatoa harufu kidogo, ikiungua inatoa moshi, kwa hiyo ukiona moshi umeshapita, punguza.

Sababu ya tatu ndo ya hatari, nyenzo isiyotakiwa. Reksini na plastiki yoyote ya PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu. Kitambaa cha akriliki (na baadhi ya felti za rangirangi za dukani ni akriliki) na sponji ya magodoro zinaweza kutoa sianidi. Makoti ya mvua na vitambaa vilivyopakwa dawa ya kuzuia maji au moto usichome, hujui kilichopakwa. Mtumba usiojua asili yake vilevile.

Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali inazuia vumbi, gesi inapita. Ukifanya kazi hii mara kwa mara tafuta ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, maduka ya vifaa vya usalama kazini wanazo. Watoto wadogo, mama mjamzito na mwenye pumu wasiwe karibu kabisa. Na kama baada ya kutoka nje kifua bado kinabana, unakohoa bila kuacha, au kizunguzungu hakiishi, nenda hospitali na uwaambie ulichokuwa unachoma, ikiwezekana beba kipande.

Ukiungua ngozi: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, vua pete na bangili mapema kabla hapajavimba. Sio dawa ya meno, sio asali, sio barafu. Plastiki iliyogandia kwenye ngozi usiibandue, ipoze kwa maji uende nayo kituo cha afya wakaitoe wao. Na kitambaa kikishika moto mezani, chomoa umeme kwanza ndo utumie maji au mchanga, ndoo ya mchanga ikae karibu na meza kila siku.

Dalili: nimetumia njia ya maji moto lakini vinundu vinafumuka

Hii nimeiweka kwa wale wasio na hitigani au wanaoogopa moshi, na wana haki ya kuogopa. Polyester haihitaji kuyeyuka ili ishike umbo, ikipita kama nyuzi joto 80 nyuzi zake zinalegea, ikipoa zinakaza zilivyo. Kwa hiyo unafunga maharage, kunde au gololi ndani ya oganza kwa uzi, kama unavyofunga batiki, unachemsha nusu saa, unaacha ipoe, unafungua, vinundu vinabaki vimesimama. Alafu unashonea juu ya kitambaa kingine kwa cherehani, mstari unapita katikati ya vinundu. Bei yake ni mkaa na maharage (na hayo maharage usiyale, rangi ya kitambaa inaweza kuwa imeingia).

Vikifumuka, kwanza jiulize ulifungua lini. Watu hawana subira, wanafungua ikiwa bado ya moto, na hapo umefuta kila kitu. Iache usiku kucha, ikauke kabisa ndo ufungue. Pili, maji hayakuchemka kweli au sufuria ilijaa mno, vitambaa vya katikati havikupata joto. Tatu, si polyester. Oganza ya nailoni inashika kidogo tu ukilinganisha, na ya hariri ikilowa inarudi bapa. Nne, umepiga pasi baadaye. Kama lazima uinyooshe sehemu, pasi iwe ya chini kabisa na ipite pembezoni mwa vinundu, sio juu yake.

Rangi ikitoka kwenye maji, kitambaa kilipakwa rangi vibaya kiwandani. Chemsha peke yake mara moja kabla ya kufunga, ukiona maji yamekuwa mekundu au bluu usikichanganye na cheupe kwenye sufuria moja, na kwenye kazi moja usikiweke mpaka maji yatoke masafi.